Kuyageuza Maghala ya Kale ya Mto Thames Kuwa Makazi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu unajibu maswali yanayoulizwa mara nyingi kuhusu maghala ya karne ya 19 yaliyo kandokando ya mto Thames jijini London, ambayo tangu miaka ya 1970 yamekuwa yakigeuzwa kuwa fleti za kuishi. Sheria zinazotajwa ni zile zinazotumika England. Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini zina taratibu zao. Msimamo wetu utaonekana katika majibu mengi, hivyo ni vyema tuutamke mapema: ghala la kale lichunguzwe hadi lieleweke kabla ya mtu yeyote kukadiria idadi ya fleti zitakazotoka humo. Mradi unaoanza na idadi ya fleti huishia kulilazimisha jengo, na gharama ya kulilazimisha jengo la kale ni kubwa, kwa fedha na kwa urithi.

Maghala haya yalihifadhi nini, na kwa nini yaliachwa matupu?

Yalihifadhi bidhaa za kila namna zilizoingia London kwa meli: chai, kahawa, sukari, mvinyo, ngozi, mpira, viungo na pembe za ndovu. Baadhi ya bidhaa hizo zina uhusiano wa moja kwa moja na pwani yetu. Katika bandari ya St Katharine Docks, iliyofunguliwa mwaka 1828 kwa kazi ya mhandisi Thomas Telford na msanifu majengo Philip Hardwick, bado limesimama jengo liitwalo Ivory House, lililopata jina lake kutokana na pembe za ndovu zilizowekwa humo. Katika karne hiyo Zanzibar ilikuwa soko kuu la pembe katika Afrika Mashariki. Wapagazi walizibeba kutoka bara, wengi wakiteremkia Bagamoyo, na London ilikuwa mojawapo ya miji iliyozinunua. Leo Ivory House ina fleti juu, na chini yake kuna maduka na migahawa. Tunaona ni haki mnunuzi wa fleti humo aelezwe historia yote, pamoja na habari za wapagazi hao, badala ya kuuziwa jina linalopendeza tu.

Kilichoyafunga maghala ni kontena. Meli za makontena zilihitaji maji ya kina kirefu na viwanja vipana vya kushushia mizigo, mambo ambayo hayakuwapo katikati ya jiji, na kazi ikahamia Tilbury, karibu zaidi na bahari. St Katharine Docks ilifungwa mwaka 1968 na Butler's Wharf, kundi la maghala kwenye ukingo wa kusini wa mto, mwaka 1972, na miaka michache iliyofuata iliacha kilomita nyingi za kingo za mto zikiwa na majengo imara yasiyo na kazi.

Ni nani walioanza kuishi humo?

Walikuwa wasanii, kwa sababu walihitaji nafasi kubwa na kodi ndogo. Mwaka 1968 wachoraji Bridget Riley na Peter Sedgley waliongoza juhudi za kupata ghala katika St Katharine Docks ili liwe studio za wenzao, na katika miaka ya 1970 wasanii wengine waliingia Butler's Wharf, ambako walifanya kazi na kulala humohumo. Makazi yaliyopangwa rasmi yalianza takriban wakati huohuo: Oliver's Wharf huko Wapping, ghala la mwaka 1870 lililokuwa na sehemu maalumu za kuhifadhi chai, liligeuzwa kuwa fleti mwaka 1972, na ni miongoni mwa maghala ya kwanza ya eneo hilo kufanyiwa hivyo. Mwaka 1981 serikali iliunda shirika la London Docklands Development Corporation, lililosimamia uendelezaji wa eneo la bandari hadi mwaka 1998, na katika miaka ya 1980 mbunifu Terence Conran na washirika wake walianza kuifufua Butler's Wharf.

Mafanikio hayo yana upande unaouma. Bei zilipopanda, wasanii waliondoka, na familia za makuli ambao babu zao walibeba magunia katika maghala hayo hazikuwa na uwezo wa kununua hata chumba kimoja ndani yake. Hata ujenzi wa St Katharine Docks wenyewe uliwahamisha watu wapatao 11,300, wengi wao wakiwa wapangaji maskini ambao hawakupata fidia. Kwa hiyo halmashauri inapodai kwamba sehemu ya fleti ziwe za bei nafuu, na ziwe ndani ya jengo lilelile badala ya kupelekwa mtaa mwingine, tunaiunga mkono kwa moyo wote.

Jengo likiwa limeorodheshwa kisheria, maana yake ni nini?

Maana yake ni kwamba jengo limeingizwa katika orodha ya taifa ya majengo yenye thamani ya kihistoria au ya usanifu, orodha inayotunzwa na taasisi ya Historic England, na limepewa mojawapo ya madaraja matatu: daraja la I, daraja la II lenye nyota, au daraja la II. Majengo mengi yaliyoorodheshwa, yakiwemo maghala mengi ya Thames, yako katika daraja la II. Watu wengi hudhani kwamba ulinzi huo unahusu sura ya mbele pekee. Sivyo. Ulinzi unahusu jengo zima, nje na ndani: ngazi, nguzo, sakafu, paa, hata winchi iliyoshika kutu ukutani ikiwa ni sehemu ya jengo.

Kazi yoyote inayoathiri hadhi ya jengo hilo huhitaji kibali maalumu kutoka halmashauri, chini ya sheria ya mwaka 1990 ya majengo yaliyoorodheshwa na maeneo ya hifadhi. Maombi ya kibali hicho hayalipiwi ada. Kuifanya kazi bila kibali ni kosa la jinai linaloweza kuleta faini isiyo na kikomo au kifungo cha hadi miaka miwili, na halmashauri inaweza kumtaka mmiliki arekebishe kazi haramu bila kujali imepita miaka mingapi. Hili la mwisho lina uzito mkubwa kwa wanunuzi, kwa sababu agizo la kurekebisha humwangukia mmiliki wa sasa hata kama kosa lilifanywa na aliyemuuzia.

Je, kibali hicho kimoja kinatosha?

Hakitoshi. Kubadilisha matumizi kutoka ghala hadi makazi kunahitaji pia kibali cha mipango miji, ambacho kwa kawaida halmashauri hupaswa kukitolea uamuzi ndani ya wiki 8, au wiki 13 ikiwa mradi una fleti 10 au zaidi. Miradi mikubwa aghalabu huchukua muda mrefu kuliko huo kwa makubaliano ya pande mbili. Juu ya hayo kuna kanuni za ujenzi, zinazohusu uimara, moto, sauti, hewa na joto. Jengo lenye urefu wa mita 18 au zaidi, au ghorofa 7 au zaidi, likiwa na makazi angalau mawili, huangukia chini ya sheria ya usalama wa majengo ya mwaka 2022, na kazi haiwezi kuanza kabla msimamizi wa taifa wa usalama wa majengo hajaidhinisha michoro. Ukuta wa pamoja na jirani una sheria yake ya mwaka 1996, nao popo wakikutwa darini wanalindwa kisheria, hivyo uchunguzi wa wanyama hao ufanywe mapema katika majira wanayoonekana.

Ushauri wetu ni kuzungumza na afisa wa uhifadhi wa halmashauri kabla ya kukamilisha mchoro wowote. Afisa aliyeonyeshwa ripoti nzuri ya historia ya jengo huweza kukubali mabadiliko ambayo angeyakataa kama angeletewa michoro mitupu.

Sakafu na nguzo za zamani zitahimili nyumba?

Kwa upande wa uzito, mara nyingi zitahimili kwa wingi. Ghala lilijengwa libebe makasha ya chai na magunia yaliyopangwa hadi karibu na dari, wakati sakafu ya fleti hukadiriwa kubeba takriban kilo 150 kwa kila mita ya mraba. Hatari iko kwingine: kwenye matundu. Makazi yanahitaji lifti, ngazi zilizozingirwa, mabomba ya maji safi na machafu na njia za hewa, na kila kimoja kati ya hivyo hutoboa sakafu ambayo iliundwa ifanye kazi kama kitu kizima.

Nguzo nyingi za maghala haya ni za chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Chuma hicho hustahimili sana mgandamizo, lakini ni dhaifu kinapovutwa au kupindwa, huvunjika ghafla bila kutoa dalili, na kukichomelea ni kazi ngumu isiyoaminika. Nguzo za aina hiyo pia zilitoka kiwandani zikiwa na kasoro zisizoonekana, kwa mfano unene usiolingana pande mbili kwa sababu kiini cha kalibu kilisogea wakati wa kumimina. Mhandisi wa miundo anayeijua kazi yake hutoboa vitundu vidogo kupima unene, hupima nguzo moja baada ya nyingine, na hakubali kuongezewa ghorofa mpya juu ya paa kabla ya kupata vipimo hivyo.

Boriti za mbao nazo huwa imara kwa namna ya kushangaza katikati, kwani zilikatwa kutoka miti mikubwa iliyokua polepole katika misitu ya kaskazini. Zinapooza ni mwishoni, mahali zinapoingia ukutani, hasa chini ya mfereji wa paa uliovuja kwa miaka. Ncha hizo lazima zifunuliwe na kuchunguzwa kwa kutoboa, kwa sababu rangi na vumbi huficha uozo. Boriti iliyooza mwishoni haihitaji kutupwa: fundi hukata sehemu mbovu na kuunganisha mbao mpya au bamba za chuma, na sehemu nzima iliyobaki huendelea kufanya kazi yake.

Vipi kuhusu moto?

Maghala ya London yana historia mbaya ya moto, na historia hiyo ndiyo inayoeleza sura yake. Tarehe 22 Juni 1861 moto ulizuka Cotton's Wharf katika mtaa wa Tooley Street, ukasambaa katika maghala jirani na kuwaka kwa takriban wiki mbili. James Braidwood, aliyekuwa mkuu wa kikosi cha zimamoto cha London, aliuawa na ukuta uliomwangukia, na mkasa huo ulichangia kupitishwa kwa sheria ya mwaka 1865 iliyoanzisha kikosi cha zimamoto cha umma. Kuta nene za matofali zinazoligawa ghala katika vyumba, pamoja na milango mizito ya chuma kati yake, ni kinga dhidi ya maafa ya aina hiyo. Huko Liverpool, mhandisi Jesse Hartley alikuwa amekwenda mbali zaidi: maghala yake ya Albert Dock, yaliyofunguliwa mwaka 1846, yalijengwa kwa matofali, mawe na chuma bila mbao katika muundo wake.

Kwa makazi, kinga ya zamani haitoshi. Watu wanalala humo, hivyo kila fleti lazima itenganishwe na nyingine kwa kuta na sakafu zinazozuia moto kwa muda uliowekwa, njia ya kutokea ilindwe dhidi ya moshi, na mfumo wa kugundua moto uwekwe kote. Nguzo za chuma hupakwa rangi maalumu inayofura ikipata joto, ambayo huzilinda bila kuficha umbo lake. Vinyunyizio vya maji tunavipendekeza hata mahali ambapo kanuni zingeruhusu viachwe, kwani mara nyingi ndivyo vinavyomwezesha msanifu kuacha boriti za mbao na dari vionekane.

Kwa nini mnasisitiza chokaa badala ya saruji?

Ukuta wa ghala la karne ya 19 ni matofali matupu yaliyojengwa kwa chokaa na mchanga, bila nafasi ya hewa katikati. Mvua huingia kidogo kwenye uso wake, kisha unyevu huo hutoka kupitia viungo vya chokaa jua na upepo vinapoukausha. Ukuta huo unapojazwa saruji kwenye viungo, njia ya kutokea huzibwa, maji hubaki ndani ya tofali, baridi kali huyagandisha, na uso wa tofali hubanduka vipande vipande. Uharibifu huo hauna tiba, kwani tofali lililopoteza uso wake hufyonza maji zaidi mwaka hata mwaka. Kwa sababu hiyohiyo tunapinga kabisa kusafisha matofali kwa kuyapuliza mchanga kwa nguvu, kazi iliyofanywa sana katika miaka ya 1980 kwa ajili ya kupata rangi ya kupendeza na ambayo iliondoa ngozi ngumu ya tofali.

Kuongeza kihami joto ndani ya kuta hizo kunadai uangalifu uleule. Kihami kinene kisichopitisha mvuke huuacha ukuta ukiwa na baridi na unyevu nyuma yake, na ncha za boriti zilizomo ukutani huanza kuoza mahali ambapo hakuna anayeziona. Ni bora kutumia tabaka la wastani la vifaa vinavyopitisha mvuke, kama vile mbao za nyuzi zilizopigwa lipu ya chokaa, kisha kuweka nguvu kubwa kwenye paa, sakafu ya chini na madirisha, na kuhakikisha kwamba hewa inabadilishwa vizuri jikoni na bafuni.

Je, mafunzo haya yana faida yoyote kwa Zanzibar au Mombasa?

Kuhusu chokaa, yana faida kubwa. Nyumba za Mji Mkongwe wa Zanzibar, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na sakafu zake zimebebwa na boriti za mikoko ambazo urefu wake ndio ulioamua upana wa vyumba. Mafundi wa huko wanajua jinsi lipu ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe inavyoshika maji na chumvi ndani na kuuozesha. Tofauti ni kwamba kuta za London huharibiwa na maji yanayoganda, nazo za pwani huharibiwa zaidi na chumvi na mvua za masika. Kanuni za moto, vipimo vya sauti na aina za umiliki zinazoelezwa hapa zisichukuliwe kama zilivyo; Mji Mkongwe una Mamlaka yake ya uhifadhi na Mombasa ina sheria za Kenya za urithi.

Mwanga unapatikanaje katika jengo pana hivyo?

Hili ndilo swali gumu kuliko yote katika usanifu wa ndani. Mizigo haikuhitaji mwanga, kwa hiyo maghala yana madirisha madogo na kina kirefu, na katikati ya ghorofa huwa giza hata mchana. Njia ya kwanza, ambayo ndiyo tunayoipendelea, ni kutengeneza fleti chache na kubwa zinazoenea kutoka upande mmoja wa jengo hadi wa pili, huku mabafu, stoo na jiko vikiwekwa katikati na sehemu za kukaa na kulala zikiwa karibu na madirisha. Njia ya pili ni kukata uwazi katikati ya jengo kuanzia paa, jambo linaloleta mwanga lakini linapoteza sakafu nyingi za asili na huhitaji sababu nzito mbele ya afisa wa uhifadhi.

Njia mbaya ni kujaza vyumba vidogo visivyo na dirisha ili idadi ya fleti iongezeke. Kiwango cha taifa cha nafasi cha mwaka 2015, ambacho halmashauri nyingi hukitumia, kinataka fleti ya mtu mmoja yenye bafu la manyunyu iwe na angalau mita za mraba 37, na ya chumba kimoja cha kulala kwa watu wawili iwe na 50. Hicho ni kiwango cha chini, na ghala lililogawanywa hadi kufikia kiwango cha chini katika kila fleti limepoteza nafasi iliyolifanya lipendwe.

Milango mirefu ya kupakulia mizigo, iliyopangwa moja juu ya nyingine kutoka chini hadi darini, ni neema kwa msanifu. Milango ya asili inaweza kubaki wazi ikiwa imeegemezwa ukutani, na kioo kikawekwa nyuma yake. Huko Shad Thames, mtaa unaopita kando ya Butler's Wharf, madaraja ya chuma yanayopita juu ya barabara, ambayo zamani yalipitishia mizigo kutoka jengo hadi jengo, sasa hutumika kama roshani.

Majirani watasikiana?

Watasikiana kama sakafu za mbao zitaachwa zilivyo. Kanuni zinataka ukuta au sakafu kati ya fleti zilizotokana na mabadiliko ya matumizi izuie sauti ya hewani kwa angalau desibeli 43, na kishindo cha nyayo kinachopita sakafuni kisizidi desibeli 64. Kwa majengo mapya viwango ni 45 na 62. Kwa kawaida sakafu mpya inayoelea juu ya tabaka laini hutosha, na huiacha dari ya asili ionekane kwa jirani wa chini.

Gharama na kodi zikoje?

Gharama hutegemea sana yale yatakayofunuliwa baada ya kazi kuanza, kwa hiyo mkadiriaji majenzi hutenga akiba kubwa ya dharura kuliko katika jengo jipya. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, mabomba yanaweza kuwa yamefungwa asbesto, ambayo matumizi yake yalipigwa marufuku kabisa Uingereza mwaka 1999, na ardhi inaweza kuwa na sumu za viwandani. Katika kodi ya ongezeko la thamani kuna unafuu wa kweli: huduma za mkandarasi anayegeuza jengo lisilo la makazi kuwa makazi kwa kawaida hutozwa asilimia 5 badala ya 20, na mauzo ya kwanza ya mwendelezaji hutozwa asilimia sifuri. Unafuu uliokuwapo kwa mabadiliko ya majengo yaliyoorodheshwa, hata hivyo, uliondolewa tarehe 1 Oktoba 2012, na wapo bado wanaoupigia hesabu kimakosa.

Ninataka kununua fleti katika ghala lililokwisha kugeuzwa. Niangalie nini?

Anza na aina ya umiliki. Karibu fleti zote huuzwa kwa hati ya upangaji wa muda mrefu, si kwa umiliki wa ardhi yenyewe, hivyo uliza imebaki miaka mingapi. Hati mpya nyingi zilizotolewa tangu tarehe 30 Juni 2022 haziruhusiwi kudai kodi ya ardhi, yaani malipo ya kila mwaka kwa mwenye ardhi, lakini za zamani zinaweza kuidai. Kisha omba hesabu za ada ya huduma za miaka kadhaa na uone kama kuna mfuko wa akiba, kwa sababu ukarabati wa paa au kujaza upya viungo vya matofali upande wa mtoni hugawanywa kwa wamiliki wote. Mwenye jengo hulazimika kuwashirikisha kwanza endapo mmoja wenu atadaiwa zaidi ya pauni 250 kwa kazi moja, lakini kushirikishwa si sawa na kuwa na haki ya kukataa.

Mwanasheria wako adai nakala za vibali vyote vya jengo na vya fleti, azilinganishe na hali iliyopo, na aulize kwa maandishi kuhusu kila ukuta ulioondolewa, dirisha lililobadilishwa na ghorofa ndogo ya ndani iliyoongezwa. Ripoti ya tathmini ya moto ya jengo zima isomwe na mtu anayeielewa. Kama fleti iko chini karibu na maji, ulizia bima ya mafuriko kabla ya kulipa chochote, ingawa kizuizi cha Thames, malango ya mtoni yanayofungwa maji ya bahari yanapojaa, kimekuwa kikilinda jiji tangu miaka ya 1980. Hatimaye, ajiri mkaguzi aliyezoea majengo ya kale, na umwombe apime unyevu kwenye ncha za boriti kando ya ukuta wa nje, siyo katikati ya chumba.